Mapipa Matatu ya Bwana Poubelle

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijaribu kulitafsiri shairi moja la Kifaransa, na kila mara nakwama kwenye anwani yake. Shairi ni la Charles Baudelaire, limo katika diwani yake iliyotoka mwaka 1857, na linahusu mvinyo wa watu ambao kwa Kifaransa huitwa *chiffonniers*. Mvinyo haukunishinda. Walionishinda ni wanywaji wake. Kamusi yangu, ambayo jalada lake lilikwishabanduka zamani, yasema kuwa ni waokota matambara. Mzee mmoja wa Kingazija, jirani yetu, ndiye aliyenishika mkono katika lugha hiyo, kwani mimi sikuisomea skuli yoyote. Naye akaniambia kwamba jina hilo halitoshi, maana watu hao waliokota kila kitu. Nikajaribu “wachakuraji”. Lakini anayechakura ni kuku, tena jaani, nami niliona haya kumvisha jina hilo mtu ambaye mshairi amemtungia beti za heshima. Basi nikauweka ushairi kando, nikaingia katika historia, nipate kumjua mtu huyu kabla ya kumwita. Sikutaraji kwamba njia hiyo ingenirejesha mtaani kwetu, hadi kwenye ndoo mbili za plastiki zilizokuwa zimesimama mlangoni kwangu.

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, watu wa Paris walikuwa wakitupa taka zao barabarani, mbele ya milango yao, zikalala hapo usiku kucha. Kabla hakujapambazuka, na kabla mikokoteni ya mji haijapita, alitokea mtu mwenye tenga kubwa mgongoni, taa mkono mmoja, na mkono wa pili fimbo fupi yenye ndoano ya chuma. Alizipekua chungu za taka moja baada ya moja. Matambara aliyauza, yakaishia kwenye viwanda vya karatasi, kwani karatasi ya zama hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba kabla miti haijashika nafasi hiyo. Mifupa ilikuwa na kazi nyingi: mengine ilichongwa vifungo vya nguo, mengine ikachemshwa gundi, na mengine ikachomwa hata ikawa unga mweusi ambao viwanda viliutumia kuisafishia sukari ipate kuwa nyeupe. Vioo vilirudi kwenye tanuri za vioo. Nywele zilizotoka katika vitana vya mabibi zilinunuliwa na watengenezaji wa nywele za bandia. Kilichobaki kilizolewa na mikokoteni, na kikawafikia wakulima wa pembezoni mwa mji kama mbolea.

Nilipoyasoma hayo nilishangaa. Mtu niliyemdhania kuwa maskini wa pembezoni, asiye na uhusiano na mtu, kumbe alikuwa mlango ambao vitu vya nyumbani vilipitia kurudi duniani. Yumkini hata karatasi iliyochapiwa diwani za washairi wa wakati huo iliwahi kuwa shati la mtu, likachakaa, likatupwa mlangoni, likanyakuliwa kwa ndoano. Nyumba za Paris zilikuwa zikishiriki katika kazi kubwa bila ya kuamrishwa na mtu, na pengine bila ya kujua kuwa zinashiriki.

Kisha akaja Bwana Poubelle.

Eugène Poubelle alikuwa mwanasheria, mzaliwa wa mji wa Caen. Mnamo Oktoba 1883 aliteuliwa kuwa mkuu wa mkoa wa Seine, yaani mtawala wa Paris yenyewe, mji uliokuwa na watu zaidi ya milioni mbili. Hakukawia. Tarehe 24 Novemba ya mwaka huohuo alitoa amri kwamba kila mwenye nyumba awawekee wapangaji wake vyombo vya taka vyenye mifuniko, na ujazo wa vyombo hivyo ukatajwa, lita 40 hadi 120. Hapo pana jambo ambalo husahauliwa: amri hiyo haikutaka chombo kimoja, bali aina tatu. Kimoja cha vitu vinavyooza. Cha pili cha karatasi na matambara. Cha tatu cha vioo, vigae na makombe ya chaza, kwani watu wa Paris walikula chaza kwa wingi. Huo ndio utaratibu uleule tunaohubiriwa leo kwenye semina kana kwamba umeshuka jana, na ulianza kutumika Januari 1884.

Makelele yalikuwa makubwa. Wenye nyumba walilalamikia gharama ya vyombo. Mabawabu wa majumba, ambao ndio walioachiwa kazi ya kuvitoa nje na kuvirudisha, walilalamikia usumbufu. Magazeti yalicheka, yakaviita vyombo hivyo kwa jina la mtawala mwenyewe. Walioumia zaidi ni wale wenye matenga. Taka zikishafunikwa kwenye chombo, tena zikatolewa muda mfupi tu kabla ya mkokoteni kupita, mchakuraji atapekua wapi? Maelfu ya watu waliona riziki yao inafunikwa mfuniko. Ikawa gumzo la mji na la wanasiasa, na ilipofika Machi 1884 amri ililegezwa: mchakuraji aliruhusiwa kukimimina chombo juu ya kitambaa kilichotandikwa kando ya njia, akachagua vyake, kisha akayarudisha mabaki chomboni bila ya kuchafua barabara.

Mwisho wake ulikuwaje? Chombo kilishinda. Jina la mtu huyo limekuwa neno la kawaida katika Kifaransa, na kila mtoto wa Kifaransa anayetumwa kutupa maganda anaambiwa atie katika *poubelle* bila ya kujua kuwa anamtaja mkuu wa mkoa aliyekufa mwaka 1907. Lakini kule kuchambua, vyombo vitatu, kulififia na kufa. Watu walikubali kufunika taka, hawakukubali kuzitenga. Ufaransa ilikuja kulirejea jambo hilo kwa sheria mwaka 1992, na kuhusu mabaki ya jikoni, sheria ya kuwataka watu wapewe njia ya kuyatenga nyumbani imeanza kutumika Januari 2024. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka 140 kamili tangu vyombo vitatu vya Poubelle viwekwe mlangoni.

Nimejiuliza sana kwa nini. Wengine watasema watu ni wavivu. Mimi siamini. Mtazame mama wa ghorofa ya tano, katika chumba kimoja na nusu, anayepanda na kushuka ngazi na ndoo za maji. Amri inamwambia atenge tambara na ganda. Kwa nini? Jana aliyatupa pamoja, na mtu wa tenga akaja akayatenga kwa ujuzi kuliko wake. Leo anaambiwa aifanye kazi ya mtu yule, bila malipo, na huku mtu yule mwenyewe anafukuzwa. Tambara likishatoka mlangoni pake hajui linakwenda wapi, wala hakuna anayemjia kumwambia kuwa limefika. Poubelle alikuwa hodari wa kupima lita za vyombo, lakini hakupima kilichokuwa kikipita baina ya mlango wa nyumba na yule mtu wa alfajiri.

Sitokaa sana New York, ila yafaa kumtaja Kanali George Waring, aliyeshika usafi wa mji huo mwaka 1895. Yeye naye, mwaka uliofuata, alizitaka nyumba zitenge majivu, mabaki ya jikoni, na takataka kavu, kila kimoja mbali. Alimzidi Poubelle kwa mambo mawili. Kwanza alivitafutia vitu vile mwisho wake: mabaki ya jikoni yalipelekwa kiwandani yakatolewa mafuta na mbolea, na takataka kavu zikachaguliwa na kuuzwa. Pili aliwaunda watoto katika vikundi, wakawa ndio wajumbe wake majumbani, hasa kwa wazee waliokuja kutoka ng'ambo ambao Kiingereza kilikuwa kigumu kwao. Siasa zilimtoa kazini mapema mwaka 1898, na kabla mwaka haujesha akafa kwa homa ya manjano aliyotoka nayo Havana.

Sasa turudi kwetu, kwani sisi tuna elimu yetu ya kuchambua, na si ya jana.

Aliyewahi kulala Pemba katika msimu wa karafuu ataijua picha hii. Mavuno ya mchana yameingia ndani ya mapakacha, usiku umefika, jamvi limetandikwa uani, taa katikati. Bibi, mama, wajukuu, mgeni aliyekuja kusalimia, wote wamekaa duara wanachambua. Kishada kinashikwa mkono mmoja, mkono wa pili unakisukuma kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku na makonyo huku. Hadithi zinapigwa, vitendawili vinategwa, na watoto wanasinzia na vishada mikononi. Asubuhi karafuu zinaanikwa kwenye jamvi lake na makonyo kwenye lake. Makonyo ni kikonyo tu, kijiti kilichoibeba karafuu, na kwa haki yangeitwa taka. Lakini hayaitwi hivyo, kwa sababu yana bei yake. Ni bei ndogo, lakini ni bei. Hukaushwa, hupelekwa kukamuliwa mafuta katika kiwanda kilichopo Wawi, karibu na Chake Chake. Na atakayeyachanganya na karafuu ili kuongeza uzito hugundulika, kwa kuwa mnunuzi hutia mkono ndani ya gunia, hutazama, na daraja la karafuu hushuka.

Nisitie sukari palipo na chumvi. Mikarafuu iliingia visiwani katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, na mikono ya kwanza iliyochambua haikuchambua kwa faida yake, bali ilikuwa ya watumwa, hadi utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Wala mji wetu haukuwa safi kwa kuwa ni wa wazee. David Livingstone alipopita hapa mwaka 1866 aliubandika jina la kejeli kwa uvundo wa ufukwe wake, na Dr. James Christie, aliyeutibu mji huu wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876, ambacho ndani yake uchafu wa pwani na wa visima haukufichwa. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba zamani palikuwa peponi. Nasema tu kwamba ndani ya nyumba, jikoni, mlikuwa na utaratibu.

Mtazame nazi. Makumbi yalifukiwa matopeni ufukweni miezi kadhaa, yakaoza kwa utaratibu, wanawake wakayatoa wakayaponda, ukapatikana usumba wa kusokota kamba. Na kazi hiyo ingali ikifanywa na wanawake wa mashariki ya Unguja. Kifuu kilikuwa kata ya maji, au upawa, au kuni. Machicha walipewa kuku. Makuti yaliezeka, na njiti zake zikafungwa ufagio. Kanga ilianza kuwa ya kutokea, ikashuka ikawa ya ndani, ikawa ya kujifunikia, ikawa mbeleko, ikawa winda la mtoto, na mwishowe ikawa tambara la kupangusia. Ilipofika hapo rangi ilikwisha na jina likasahaulika. Debe la mafuta ya taa lilipokwisha mafuta likawa kipimo cha nafaka, likawa chombo cha maji, likakunjuliwa likawa paa la banda, na vipande vyake fundi akavitengenezea koroboi. Dukani ulikwenda na chupa yako kununua mafuta, na soda hukuuziwa ila uache chupa tupu. Karatasi nazo zilifungiwa njugu. Mimi mwenyewe ubeti wa kwanza ulionikaa moyoni niliusoma kwenye kifuko cha njugu, tena mshororo wa mwisho ulikuwa umechanwa, hata leo sijaujua.

Lugha yetu nayo ina lake hapa. Taka ni uchafu, lakini kutakata ni kuwa safi, na kutakasa ni kusafisha. Mimi si mwanaisimu wala sidai kuwa maneno haya yametoka tumbo moja. Lakini sikio la mtunzi haliwezi kuyasikia bila ya kusimama kidogo.

Kisha ikaja plastiki. Hii haikuwa na ngazi ya kushukia kama kanga. Mfuko ulitumika kutoka dukani hadi jikoni, kisha ukaruka na upepo hadi kwenye mkandaa, au ukaziba mtaro mvua za masika zikaingia majumbani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, ikazitangulia Kenya, iliyofanya hivyo mwaka 2017, na Tanzania Bara, mwaka 2019. Lakini mfuko ni mmoja tu katika ukoo mkubwa, na chupa za maji, vifuniko na makopo hayakuhusika.

Miaka michache iliyopita ulikuja mtaani kwetu mradi, ambao sitoutaja, kwani waliokuwamo ni watu wema na makosa yao si ya kwao peke yao. Kila nyumba ilipewa ndoo mbili, ya kijani kwa vinavyooza na ya buluu kwa vikavu. Pakawa na semina, na fulana, na picha za ukumbusho. Na watu, hasa wanawake, wakachambua. Hili nalisema kwa mkazo kwa kuwa mara nyingi husemwa kwamba watu wetu hawajali. Kwa muda wa miezi mitatu niliona kwa macho yangu ndoo zikitolewa asubuhi zimetengwa sawasawa, hata maganda ya mayai yameoshwa, jambo ambalo hakuna aliyeliagiza.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama barazani na bibi mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Pemba. Gari likaja. Kijana akaichukua ndoo ya kijani ya bibi, akaimimina garini. Akaichukua ya buluu, akaimimina palepale, juu ya ile ya kwanza.

Bibi akanigeukia. “Mwanangu, wewe unayesoma vitabu, nieleze. Wameniambia nitenge, nimetenga. Sasa mbona wanachanganya?”

Nikamwambia, “Bibi, labda leo gari la pili limeharibika.”

“Mwezi wa pili huu natazama,” akasema. “Kwetu, ukichambua karafuu mtu akazichanganya na makonyo mbele ya macho yako, siku ya pili humchambulii.”

Na siku ya pili hakuchambua. Wala jirani zake. Mwishowe mradi ukafunga vitabu vyake, na nasikia katika ripoti imeandikwa kwamba mwamko wa jamii ulikuwa mdogo.

Lipo na jingine, ambalo sikulitambua mpaka niliposoma habari za Machi 1884. Kabla ya ndoo, alikuwa akipita mtaani kwetu mtu mwenye mkokoteni, akinadi kuwa ananunua chupa na vyuma vibovu. Alikuwa na mizani ndogo, akilipa shilingi chache, na watoto walimwekea vitu. Semina ile ilituagiza tusimpe, kwa kuwa vikavu vyote ni vya ndoo ya buluu. Nasi tukaitika. Hakuna aliyemtandikia kitambaa kando ya njia.

Nimesoma pia habari za Curitiba, mji wa kusini mwa Brazil, na nazileta hapa kwa sababu moja: vichochoro. Katika mitaa yake ya maskini njia zilikuwa nyembamba, gari la taka haliingii, kama lisivyoingia katika sehemu nyingi za Mji Mkongwe wetu. Mwaka 1989, chini ya meya Jaime Lerner, aliyekuwa msanifu wa majengo, mji ulianzisha utaratibu ulioitwa kwa Kireno “taka isiyo taka”; ukianzia kwa watoto wa skuli, na ukitaka mambo mawili tu, kinachooza na kisichooza. Palipokuwa hapafikiki, watu waliambiwa wazilete taka zao wenyewe hadi garini, nao wakapewa tiketi za basi. Kuanzia mwaka 1991 pakawa na kubadilishana: kilo nne za vikavu kwa kilo moja ya mboga na matunda, ambayo mji uliyanunua kwa wakulima wadogo wa jirani waliokosa soko. Mama alibeba gunia akarudi na kabichi. Sisemi kwamba mji ule hauna dhila zake, na kabichi zinataka fedha za mji kila mwaka. Lakini yule mama alikiona kitu chake kinapokelewa, kinapimwa, na hakichanganywi.

Shairi langu bado halina anwani. Mwezi uliopita nilimkuta yule mtu wa mkokoteni, amerudi, mvi zimeongezeka na mizani ni ileile. Nikaona nimwulize yeye mwenyewe kazi yake inaitwaje. Akafikiri, akacheka. “Kazi haina jina, ustadhi,” akasema. “Ila watoto wananiita Chupa.”

Alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi wa Pemba. Bibi alimtolea kiroba cha chupa za plastiki, zimeoshwa na kuondolewa vifuniko, na vifuniko viko kwenye mfuko wake mbali. Akapimiwa, akalipwa, akazihesabu fedha mara mbili. Nilichungulia ukumbini. Ndoo ya buluu ina mchele, na ya kijani, iliyofunikwa kwa sinia, ina maji ya kutawadhia.